Fimbo Iliyolazwa Juu ya Uwele

Upepo wa kwetu huanza kukaza mwezi wa sita na hautulii mpaka mvua za kwanza zikaribie. Watu wa huku hawaulalamikii, kwa sababu ndio unaowapepetea uwele. Mwaka ule mimi niliulalamikia. Ulivuma siku saba juu ya uwele wangu uliotandazwa uwanjani bila kupurwa, na juu ya uwele huo ililala fimbo moja ambayo sikuruhusiwa kuigusa.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyozoea, ingawa mpangilio ndio ulioniponza.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Mgori, baada ya miaka kumi na mitatu ya kazi ya reli. Serikali ya Mwingereza iliamua kuing'oa njia ya reli iliyopanda kutoka Manyoni kuja huku, na sisi tuliokuwa tukiitunza ndio tuliopewa kazi ya kuing'oa. Kazi ilipokwisha nilirudi na sanduku la bati lenye vitabu sita, kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo, na madaftari. Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha kambini, kwanza kwa kufuatisha kwa kidole herufi zilizotokeza kwenye vyuma vya reli, halafu kwa vitabu vya dini vya wenzangu, Wakristo kwa Waislamu, yeyote aliyekubali kuniazima. Mtu aliyejifundisha peke yake huogopa kupoteza alichokipata. Kwa hiyo kila nilichojua nilikiandika na kukipa namba.

Bwana shamba aliposikia kuna mtu anayeweza kuandika tarakimu bila kuchafua karatasi, alinipa kazi ya kusoma kipimamvua kilichosimikwa karibu na baraza. Kila siku, saa tatu asubuhi, nilitazama maji yaliyokusanyika nikaandika. Kiangazi niliandika sifuri. Niliandika sifuri miezi sita mfululizo na sikuruka siku hata moja. Watu walipita wakiniuliza, "Karani, leo imenyesha ngapi?" Nikiwajibu, "Sifuri," walicheka mpaka wakashika magoti. Sikuona cha kuchekwa.

Jina hilo la karani lilinisumbua, kwa sababu lilikuwa jina la kumwitia mgeni. Mke wangu, ambaye alibaki nyumbani na watoto miaka yote niliyokuwa relini, alinieleza wazi: "Baba yako wanamjua. Mimi wananijua. Wewe hawakujui. Subiri upure."

Alikuwa na maana hii. Uwele ukishakauka, masuke yake hutandazwa kwenye uwanja uliosakafiwa kwa udongo na samadi, na majirani huja na fimbo zao, watu kumi na wanne, wakati mwingine ishirini, wanaume na wanawake. Hujipanga safu mbili zinazotazamana. Safu moja ikipiga, ya pili imeinua. Mmoja huimbisha, wengine huitikia, na kile kiitikio ndicho kinachoinua fimbo. Wimbo ukiyumba, fimbo hugongana na vidole huumia. Watu hawaendi kupura kwa mtu wasiyemtaka, hata kama amepika pombe mitungi kumi. Na wakishapura kwako mara moja, umekuwa wao: ukifiwa watakuja, ukiugua watakuja, ng'ombe wako akipotea watatoka kumtafuta. Mimi nilikuwa sijapuriwa bado.

Mwimbishaji wa upande wetu wote alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mfupi, sauti yake ilikwaruza kidogo, na fimbo aliishika kwa mkono mmoja tu kwa sababu wa pili aliutumia kuwanyooshea watu kidole. Mwaka wa kwanza wa kurudi kwangu sikuwa na shamba la maana, kwa hiyo nilimfuata uwanja kwa uwanja na daftari. Nilipura zamu moja, zamu ya pili nikakaa pembeni kuandika. Nia yangu ilikuwa njema. Nilisikia anaimba beti nyingi, nikaona umri wake, nikafikiri: siku akiondoka, zitaondoka naye.

Aliimba kwa Kinyaturu. Niliandika Kinyaturu hicho kwa herufi za Kiswahili, na hapa nazigeuza beti hizo kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Zimepoteza uzito njiani. Nilizigawa mafungu manne: za salamu, za kuchapua, za kutania, na za kuaga. Nilitarajia kwamba baada ya viwanja vitano au sita zingeanza kujirudia. Hazikujirudia. Kiitikio kilikuwa kile kile, mwendo ule ule, lakini maneno yaliyokaa katikati yalikuwa mapya kila siku. Kufikia uwanja wa tisa nilikuwa na beti mia mbili na kumi na moja, na sikutulia tena. Nilitembea nikizihesabu. Nilidhani tu kwamba ghala lake ni kubwa kuliko nilivyokisia, na kwamba nikizidi kufuata nitafika ukuta wa nyuma. Hata relini kulikuwa na mtu wa namna yake, Mgogo wa Kintinku, aliyetuimbisha tulipoinua vyuma. Huyo naye sikumbuki kumsikia akirudia, ila wakati ule nilikuwa sihesabu.

Siku moja nilimkuta shangazi akichambua mawe kwenye ungo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, karani wangu."

"Shangazi, beti zako ziko ngapi zote pamoja?"

Hakuinua macho. "Watu wako wangapi?"

"Watu gani?"

"Watu. Wa kupura."

"Leo walikuwa kumi na saba."

"Basi kumi na saba. Na yule mbuzi aliyeingia uwanjani, kumi na nane."

"Na kesho?"

"Wa kesho sijawaona bado."

Niliandika jibu hilo kama lilivyo, nikaweka alama ya kuuliza pembeni.

Miongoni mwa waliopura kila mahali alikuwa mama mmoja jirani yetu, ng'ambo ya korongo, mjane mwenye mkono wenye nguvu kuliko wanaume wengi. Mwanawe wa pekee alikuwa amechukuliwa manamba kwenda kukata mkonge pwani. Msimu ule wa kwanza shangazi alimnyooshea kidole akaimba:

Mama mwenye mwana katani,
mwambie arudi upesi,
ngozi yake ya kulalia
panya wamekwisha kuigawana.

Mama yule alicheka mpaka akakosa pigo moja. "Nitakutuma wewe ukamlete!" akapaza sauti, na safu zote mbili zikacheka, na fimbo zikashuka kwa pamoja kwa uzito ambao sikuwa nimeusikia tangu asubuhi. Niliandika. Fungu la kutania, ubeti wa sitini na tatu.

Masika yakaja. Asubuhi moja mama yule alinifuata kwenye kipimamvua na barua iliyoviringishwa katika kitambaa. Ilikuwa saa tatu kasoro kidogo. Nilimwomba asubiri nimalize kupima. Alisubiri. Nikapima, nikaandika, nikafuta mikono, nikaifungua barua na kuisoma. Ilitoka kwa rafiki wa mwanawe kambini. Ilisema kijana alishikwa na homa siku ya kwanza, ya pili akashindwa kula, ya tatu akafariki, wakamzika huko huko. Kofia yake ya pama ataileta huyo rafiki mwenyewe mkataba wake ukiisha.

"Soma tena," alisema mama.

Nikaisoma tena tangu mwanzo, kwa sauti ile ile.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Akaikunja barua katika kitambaa akaondoka. Mvua iliyopimwa asubuhi hiyo ilikuwa inchi moja na robo. Naikumbuka.

Sasa ufike msimu wa pili, na uwele wangu wa kwanza wa maana. Shamba lilitoa vizuri. Masuke yalijaa darini, juu ya lile paa bapa la udongo la tembe yetu, mke wangu akapika pombe, na majirani wakatuma neno kwamba watakuja. Katika juma hilo hilo shangazi alirudi kutoka hospitali ya Kiomboi. Koo lilikuwa limemsumbua tangu masika. Walimpa dawa wakamwambia aipumzishe sauti, na kwa kweli hakuwa na ya kutumia: alibaki na mnong'ono tu, kama mtu anayepuliza moto.

Kwetu, mwimbishaji akikosekana, mwenye uwanja ndiye huimbisha, au mtu wa damu yake. Watu hawakuona tatizo. "Si ana kitabu?" walisema. "Shangazi yake yumo humo mzima." Na mimi, nisiwafiche, nilifurahi. Hapo ndipo niliona safari zote zile za daftari zimepata maana. Nilichagua beti arobaini, kumi kutoka kila fungu, nikazihifadhi kichwani moja baada ya nyingine kama mataruma chini ya reli, kila moja mahali pake. Nilizirudia nikienda kisimani, nikirudi, nikitengeneza uwanja. Mke wangu alisema nimekuwa kama mtu mwenye homa.

Asubuhi ya kupura walikuja watu kumi na tisa. Shangazi aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, ungo mapajani.

"Umejiandaa?" akanong'ona.

"Arobaini, shangazi."

"Arobaini za nani?"

Nilidhani ananijaribu. "Zako."

Alinitazama, akarudi kwenye ungo wake.

Nilianza na za salamu. Zilikwenda vizuri kuliko nilivyotumaini, kwa kuwa salamu humfaa kila mtu. Kiitikio kilikuja kikamilifu, fimbo zilishuka pamoja, na punje zilianza kuruka. "Kumbe mvua inafundisha!" mtu mmoja alisema, na mwingine akamjibu, "Sifuri ya huyu si sifuri ya bure!" Nikaongeza mwendo. Nikaingia za kuchapua. Upepo ulikuwa nyuma yangu na niliimba nikitazama juu kidogo ya vichwa vyao, kwenye ukingo wa dari ya tembe, kwa sababu hapo ndipo nilipoziona kurasa zangu. Nikamaliza za kuchapua. Nikageuza ukurasa kichwani, nikaingia za kutania, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Wa sita ulianza, "Mama mwenye mwana katani, mwambie arudi upesi."

Kinywa changu kilifika mpaka kwenye panya.

Kiitikio kilianza na watu watatu au wanne, kikafa. Fimbo ziligongana. Mama yule alikuwa katika safu ya kushoto, fimbo yake imeinuliwa, na haikushuka. Aliishusha mwishowe polepole, kwa mikono yote miwili, akailaza kwa ubavu juu ya uwele mbele ya miguu yake. Akageuka akaenda zake, akashuka korongoni.

Kwetu fimbo ikilazwa hivyo, hakuna anayepiga tena katika uwanja ule mpaka aliyeilaza aiinue mwenyewe. Si mwenye uwanja, si mzee, si jumbe anayeweza kuiondoa. Asipoiinua, uwele huo utaoza hapo hapo, na mwenye uwanja atajua kwamba amekataliwa, si na mmoja bali na wote.

Watu hawakunitukana. Walichukua fimbo zao wakaondoka mmoja mmoja, bila hata kuonja pombe. Mzee wa mwisho kuondoka alisimama mbele yangu. "Mwanangu," alisema, "si wewe uliyeisoma ile barua?"

"Ni mimi, mzee."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizia njia akajibiwa kwa lugha asiyoijua.

Mke wangu alisubiri uwanja ubaki mtupu. "Umeimba nini? Baba watoto, umeimba nini?"

"Ubeti wa ishirini na sita."

"Sikuulizi namba!"

Siku zilizofuata sikujua pa kukaa. Nilikaa uwanjani nikifukuza mbuzi na kuku na njiwa, kwa kuwa kuurudisha uwele darini nisingeweza bila kuisogeza fimbo. Nilipochoka kukaa nilizunguka. Nilitoa mawe shambani ambayo hayakuhitaji kutolewa. Upepo ulichukua makapi kidogo kidogo, na masuke ya pembeni yakaanza kutawanyika. Niliyarudisha kwa mkono, nikihakikisha sifiki karibu na fimbo. Pombe ikachacha, mke wangu akaimwaga. Mara mbili nilishuka korongoni nikapanda ng'ambo, nikaona moshi wa mama yule, nikarudi. Niliandika maneno ya kuomba radhi, nikayasahihisha, nikayanakili upya. Karatasi ya tatu niliitia mfukoni. Saa tatu kila asubuhi nilikwenda kwenye kipimamvua nikaandika sifuri, na waliopita njiani hawakuniuliza imenyesha ngapi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kule kucheka kwao kulikuwa mlango, na sasa umefungwa.

Siku ya tano shangazi alikuja mwenyewe, akaketi juu ya kinu kile kile. Ilinibidi niiname ili nimsikie.

"Hukukosea maneno," alinong'ona. "Maneno ni yangu, na ni mazuri. Ulikuwa unatazama wapi?"

"Mbele."

"Mbele alisimama nani?"

Beti arobaini ningeweza kuzitaja kutoka mwisho kurudi mwanzo, lakini katika watu kumi na tisa nisingeweza kusema ni nani alisimama wa tatu kutoka kushoto.

"Mimi huanza na miguu," alisema. Ilimchukua muda, kwa kuwa kila maneno machache alilazimika kumeza. "Mwenye mguu mzito amechoka, au ana jambo. Namtazama usoni. Nikijua jambo lake, namwambia. Akicheka, fimbo yake inarudi kwa wenzake. Akilia, inarudi pia. Hiyo ndiyo kazi. Kinywa kinafuata tu huko nyuma. Mwaka jana mama yule alikuwa akipiga nyuma ya wenzake kwa sababu alimkumbuka mwanawe. Nikamtania, akacheka, akarudi. Wewe ukachukua dawa ya mwaka jana."

"Niende nikamwombe radhi?"

"Utamsomea?" Aliitazama mifuko yangu. Sijui alijuaje kuhusu karatasi. "Uwele wake uko darini tangu mwezi uliopita, hana mtu wa kumshushia. Chukua fimbo."

Siku ya sita nilivuka korongo. Nilimkuta ameketi mlangoni pa tembe yake, anasuka kamba.

"Shikamoo mama."

Salamu haikataliwi. "Marahaba," alisema.

"Nimekuja kupura."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Aliendelea kusuka. "Uwanja upo."

Nilipanda darini, nikashusha uwele wake, nikautandaza, nikaanza kupiga. Aliyewahi kupura peke yake anajua aibu yake: mtu mzima anapiga chini kama aliyechanganyikiwa, na hakuna pigo la pili la kumjibu. Fimbo isiyo na mwenzake hukimbia. Unapiga haraka, halafu haraka zaidi, mpaka mkono unakwisha kabla ya kazi kuanza.

"Unapiga kama unaua nyoka," alisema mama.

Nikapunguza. Baada ya kidogo mkono ukakimbia tena.

"Nyoka amekwisha kufa, karani."

Nilihitaji wimbo, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya bega langu. Beti arobaini zilisimama kinywani kwa namba zao, nikazifungia meno. Makapi yaliniingia machoni. Mbele yangu kulikuwa na kuku mwekundu, anachechemea, anadonoa punje zilizoruka. Nikaimba kuku. Nilisema kuku mwekundu mguu mmoja mbovu ananishinda kazi. Maneno yalizidi mwendo, nikayasukumiza yaingie, nikakosa pigo.

"Kuku huyo si wangu," alisema mama. "Ni wa yule jirani asiyefunga banda."

Nikamwimba jirani asiyefunga banda. Hapo nilisikia mama akitoa pumzi kwa pua. Sikugeuka kumtazama kwa sababu niliogopa, kisha nikakumbuka nilichoambiwa, nikageuka. Miguu yake ilikuwa imenyooshwa mbele, mikavu, nyayo zimepasuka. Kamba ilikuwa imelala mapajani, haisukwi. Nikaimba zile nyayo, kwamba nimeziona korongoni kila siku nikiogopa kuzifuata. Nikaimba upepo, kwamba unapepeta uwele wangu kabla haujapurwa. Baadhi ya maneno yalikuwa mabaya kabisa na nayakumbuka kwa haya. Mengine nimeyasahau, ingawa mimi si mtu wa kusahau.

Ndipo nikaiona ile kofia. Ilitundikwa kwenye kigingi ndani ya mlango, juu kidogo ya kichwa chake, kofia ya pama iliyofifia, ukingo umeliwa upande mmoja. Yule rafiki wa mwanawe alikuwa amekuja na kupita, na mimi sikuwa nimejua. Sikupanga nilichoimba. Mkono ulikuwa juu na maneno yakatangulia:

Kofia hii niliisoma kabla ya kuiona,
niliisoma kwa sauti ya kupimia mvua,
mama akasema, soma tena,
nikapima tena mvua ile ile.

Baada ya mstari wa mwisho palikuwa mahali pa kiitikio, na hapakuwa na wa kuitikia. Fimbo ilibaki juu. Nilijua kwamba nikiishusha bila kuitikiwa wimbo umekwisha, na mimi nimekwisha.

Kiitikio kikatoka mlangoni. Kilikuwa kifupi, kikavu, mahali pake hasa. Fimbo ikashuka.

Tuliendelea hivyo mpaka uwele wake ukaisha, yeye ameketi, mimi nimesimama. Mara nyingine alinisahihisha katikati ya ubeti. "Hapana, hakupenda kuchunga, alipenda kulala," alisema nilipomwimba mwanawe akichunga ng'ombe, nikaimba kwamba alipenda kulala. Nilipomaliza nilikuwa na malengelenge viganja vyote viwili.

"Ulisoma vibaya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilitaka usome polepole. Nilijua inakokwenda. Nilitaka ichelewe kufika."

Nilisimama pale na fimbo, na ile karatasi mfukoni imelowa jasho.

"Kesho napepeta," alisema, akichukua kamba yake. "Kesho kutwa sijui."

Hilo "sijui" nilirudi nalo nyumbani na nililigeuza kila upande siku nzima iliyofuata. Nililisema kwa sauti yake, kwa kupandisha, kwa kushusha. Mke wangu aliuliza kasema nini, nikamwambia, akauliza alikuwa anatazama wapi aliposema hivyo. Nilishangaa kwamba nilijua: alikuwa anatazama ng'ambo, upande wa kwetu.

Asubuhi ya siku ya nane nilikuwa natoka kwenda kwenye kipimamvua nilipomwona akipanda kutoka korongoni. Alikuja mikono mitupu, kwa kuwa fimbo yake ilikuwa kwangu. Nyuma yake, mbali kidogo, walikuja watu wawili na fimbo zao, na nyuma ya hao watano, na wengine waliokuwa wanatokea kwenye nyua zao wakifunga nguo vizuri. Walimwona anapita mikono mitupu wakaelewa anakokwenda.

Alisimama mbele ya fimbo. Ilikuwa imefunikwa vumbi, na njiwa walikuwa wameichafua. Aliinama, akaiinua, akaigongesha kwenye kisigino mara mbili. Chini yake masuke yalikuwa yamebaki safi, mstari mmoja mrefu wa rangi ya siku ile. Akaenda kusimama mahali pake, wa tatu kutoka kushoto.

"Karani," alisema, watu wote wakisikia. "Leo naonekana?"

"Unaonekana, mama."

"Haya basi. Jua linapanda."

Shangazi aligonga ungo kwa vidole, mara nne, kutupa mwendo. Nilitazama miguu, kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho, kisha nikapanda nyuso. Nilianza na ule mstari safi juu ya uwele, kwa sababu ndio uliokuwa mbele yetu sote. Nikasema fimbo imelala siku saba na leo imeota miguu. Si ubeti mzuri. Lakini mtu alicheka, kiitikio kikaja, na fimbo ishirini zikashuka.

Siku hiyo nilikosea mara mbili. Mara ya pili fimbo ziligongana na yule jirani asiyefunga banda akavimba kidole gumba. Nikakiimba kidole chake, naye akanirudishia ubeti wa matusi ambao sitauandika. Uwele uliisha siku iliyofuata, na upepo ulitosha kuupepeta wote.

Kipimamvua nilikisoma saa nane mchana. Katika daftari la serikali siku hiyo ina sifuri kama nyingine, ila mbele yake nimeandika saa. Bwana shamba alipouliza kwa nini nilichelewa, nilimwambia tulikuwa tunapura.